Supu nendeni asubuhi, samaki wa jioni mwacheni

Kibanda changu cha cherehani kinatazamana na hoteli ya chakula ninayotaka kuwaelezea, sisi huku na wao kule, barabara ya vumbi katikati, si mbali na kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa. Mteja akiwa ananisubiri nimalizie pindo la dera, namwambia avuke akale. Basi wanarudi na habari. Huyu anarudi anachokonoa meno na kunishukuru, yule anarudi kanuna utadhani mimi ndiye niliyepika. Na mimi mwenyewe chakula changu cha mchana ni hapohapo siku nyingi za kazi, kwa hiyo yao nayajua na yangu ninayo. Jina la hoteli sitaji. Wa mtaani mnaijua, ile yenye vitambaa vya plastiki vya maua mezani na feni mbili, moja pambo.

Ukiwasikiliza wanaoisifu na wanaoiponda utafikiri wanaongelea hoteli mbili. Ukiwauliza walikula saa ngapi, ubishi unaisha.

Asubuhi jiko ni la mzee wa supu. Makongoro yanabandikwa usiku juu ya mkaa, moto wa taratibu, mpaka alfajiri nyama inaachia mfupa yenyewe. Bakuli likitua mbele yako, mafuta yamejikusanya juu vijiduara vidogovidogo, na mchuzi wenyewe ukinywa funda mbili midomo inaanza kunatana. Hapo ndipo unajua kongoro limeiva, halikuharakishwa. Hakuna viungo vya pakiti humo. Ni chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, ndimu unajikamulia, pilipili mbuzi imekatwa kwenye kisahani pembeni na hakuna wa kukuhesabia. Chapati zao ni za kusukuma, na zinapigwa pigwa mkononi zikitoka kikaangoni mpaka tabaka zinaachana. Supu 3,000, chapati 500. Kwa bei hiyo sijaona mwingine Mapipa nzima, na madereva wa bodaboda wanaojaa pale kuanzia saa kumi na mbili si watu wa kudanganywa kwa supu.

Tatizo ni kwamba sufuria ni moja. Kwenye saa nne inaanza kukwanguliwa, na hapo mzee ameshavua aproni anaelekea kwake kulala. Anayebaki hana roho ya kumwambia mteja supu imekwisha, anaongeza maji. Kuna kaka mmoja mteja wangu wa suruali aliniambia amepewa maji ya kunawia yenye chumvi. Alikwenda saa tano. Nilimwonea huruma lakini sikushangaa.

Mchana ndiyo penye maneno. Wali wa maharage ya nazi hauna shida, mchicha wao mzuri, nyama ya mchuzi inategemea bahati yako. Kesi ni pilau ya Ijumaa. Miezi ya mwanzo wa mwaka inatoka punje mojamoja, rangi imekolea, unasikia bizari nzima na mdalasini kabla sahani haijafika. Ikifika mwezi wa sita, wa saba, inakuwa bokoboko, unaikata kwa kijiko. Watu wanasema mama mwenye hoteli kabadilisha mchele, kaanza kununua wa bei rahisi. Si kweli, gunia naliona likishushwa, ni lilelile la Mbeya. Ila ni mchele mpya wa mavuno, na mchele mpya haunywi maji kama uliokaa ghalani. Ukiupimia maji yaleyale unabandikana. Binti anayepika mchana ana kopo lake la kupimia, na kopo halijui mwezi.

Nilimwambia mama huyo, “Dada, mchele huu mpya, mwambie mtoto apunguze maji.” Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye futi niliyojivisha shingoni, akasema, “Fundi, wewe shona.”

Haya, nashona.

Samaki. Kibua na changu wanatoka soko la Feri asubuhi, wabichi kweli, wanakaangwa kwenye saa tano na kupangwa kwenye kabati la kioo. Ukimla saa saba, na ugali na kachumbari, utamwombea dua mvuvi. Ukimla saa kumi na moja, amekauka kama ubao. Maana wakati huo ameshasimama kabatini mchana kutwa, na ukimwagiza wanamrudisha kwenye mafuta ili apate moto, mafuta ambayo nayo yametoka mbali. Mwalimu mmoja niliyemshonea sare za wanawe alikula huyo wa jioni akaapa hakanyagi tena. Nimemwambia aende mchana. Hataki, na simlaumu, pesa yake ilikwenda.

Hapa mimi ninalo langu. Ubao wa bei pale ukutani unasema samaki 5,000. Miezi ya kusi, upepo ukikaza na vyombo vikashindwa kutoka, samaki anapanda bei Feri na kila mtu Dar anajua. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kula umetulia, ukanawa, ukafika kaunta ukaambiwa 7,000. Ukionyesha kidole ubaoni unajibiwa, “Ule wa zamani, mama.” Chaki inauzwa shilingi ngapi? Nimewaona wateja wangu wawili watatu wakiacha mzigo hapo kaunta kwa aibu, mtu ametoka na hela ya kuhesabu, nauli ya kurudi Kimara ndiyo hiyohiyo. Chakula kibaya nitakusamehe, siku moja moja sufuria inamshinda mtu. Bei ya kustukizwa siku zote inajulikana tangu asubuhi.

Wahudumu ni wawili. Mmoja haandiki kitu na hakosei, mnaweza kukaa meza moja watu sita kila mtu na lake, akaleta yote sawasawa hadi asiyetaka kachumbari. Mwenzake ni mpole sana lakini ukimwagiza chai ya rangi jiandae kwa ya maziwa. Chenji ndogo mara nyingine inageuka pipi. Ukilipa kwa simu, jina litakalotokea si la hoteli, ni la mtu wa nyumbani kwao, kwa hiyo uliza kabla hujaweka namba ya siri, usije ukadhani umetapeliwa. Maji ya kunawa yapo, sabuni imechanganywa maji kupita kiasi.

Supu ya kubeba nendeni na chombo chenu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019, wao wanakuuzia bakuli la mfuniko 500, na mfuniko haubani. Kuna bajaji moja hapa mtaani bado inanuka kongoro.

Ramadhani mchana wanafunga. Magharibi wanatoa futari, magimbi ya nazi na uji wa pilipili manga, na hapo sijawahi kusikia hata mtu mmoja akilalamika.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mteja wangu alikuwa na arobaini ya mtoto, akaagiza pilau ya masinia pale pale, na ilikuwa mwezi wa saba, mchele mpya umejaa mjini. Nilimwonya. Masinia yalikuja kwa wakati, punje zimeachana, viazi vizima, nyama laini. Nilikula nikanyamaza. Kumbe shughuli mama anapika mwenyewe, haachii kopo. Maji anayajua vizuri sana, kuliko mimi.

Tangu hapo Ijumaa siendi kichwakichwa. Nachungulia kwanza kutoka kwenye cherehani langu. Mama akiwa ameketi kaunta anahesabu hela, naagiza wali maharage. Nikiona pale kaunta amekaa mwanawe wa kiume, ujue mama yuko jikoni: vukeni upesi mkaagize pilau, na bei muulize kabla hamjakaa.