Ada ya usafi nimelipa, ndoo haina maji: safari yangu ya Mbudya

Niseme mapema: kampuni hii ya boti inayopakia watu upande wa Kunduchi, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya, msiende nayo. Jina silitaji. Wakisoma hapa watajijua.

Ilikuwa mwaka ule wa corona, ndege za kimataifa zimeruhusiwa tena Mei 2020 na wageni wameanza kurudi mmojammoja. Shangazi yangu alikuja kutoka Dodoma, mtu mzima, ana kisukari, bahari hajaiona miaka mingi. Nikatafuta watu wanaojali. Hawa tangazo lao lilinivutia kuliko yote: boti inabeba nusu ya abiria, maji tiririka na sabuni vipo, barakoa ni lazima, na juu ya nauli kila mtu anaongeza ada ya usafi. Nililipa kwa moyo mweupe. Mtu akijigharimu kunilinda, nami nimchangie.

Tunafika ufukweni, ndoo ipo. Imewekwa juu ya kistuli, ina koki, imeandikwa NAWA MIKONO kwa rangi nyekundu. Nafungua koki, hakitoki kitu. Nafunua mfuniko, ndani kuna mchanga na buibui. Buibui, jamani! Yaani ile ndoo iliwekwa ipigwe picha ya tangazo, basi.

Namuuliza kijana wa tiketi, "Mdogo wangu, maji ya kunawa yako wapi?" Macho hakuyatoa kwenye simu. "Maza, corona ilishaisha hiyo. Bahari yote ile huioni? Kanawe." Na shangazi yangu amesimama pale pale, mtu wa umri wa bibi yake, hata shikamoo hakumpa.

Ilishaisha kwa hesabu ya nani? Takwimu za wagonjwa nchini zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei, zikiwa zimefika wagonjwa 509. Baada ya hapo ulinzi ulibaki mikononi mwa kila mmoja wetu, na mwenye biashara ya kupokea watu ndiye alitakiwa awe wa kwanza. Kulikuwa na Wazungu wawili kwenye foleni, wamevaa barakoa zao vizuri kabisa. Walipomwona yule kijana anacheka, wakatazamana, wakavua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ndoo. Mgeni haji na sheria zake. Anamtazama mwenyeji, anafuata. Ukimwonyesha dharau, unamfundisha dharau, kisha kesho unamlaumu kwamba ndiye kaleta ugonjwa.

Na ile nusu ya abiria? Wakajaza mpaka watu wakaanza kukaa pembeni kwenye ukingo. Kipindi kile hata daladala za Mbagala zilipigwa level siti, yaani hakuna abiria wa kusimama, konda anashusha abiria akiogopa trafiki. Boti ya watalii, yenye nauli mara ishirini ya daladala, inashindwa!

Hapa lakini lazima niwe mkweli, maana kuna nahodha. Mzee wa makamo, kofia ya kiua, mpole. Aliingia, akatutazama, akasema, "Injini siwashi. Waliozidi wasubiri mkupuo wa pili." Kijana akapiga kelele, mzee akakaa kimya na ufunguo mfukoni. Waliozidi wakashuka. Kisha akatoa dumu lake mwenyewe la maji baridi, lile la kunywa, akamwambia shangazi, "Karibu mama, lete mikono." Akammiminia polepole. Akamkalisha mbele upepo unakotoka, akaomba wote tuvae barakoa, na wale Wazungu wawili wakavaa bila neno.

Kule kisiwani sina la kulaumu. Samaki wa kukaanga alikuwa mzuri, vibanda vya makuti viko mbalimbali, watu wachache. Dada mmoja alimtoa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, majini apige naye picha. Nahodha akamwomba amrudishe haraka, akamweleza kwamba Mbudya imetengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1975 na hapa hakichukuliwi kitu, hata kombe tupu. Kisha akaingia majini mpaka magotini kuokota barakoa ya bluu iliyokuwa inaelea. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 2019, halafu tunaleta takataka nyingine! Nilimpenda mzee yule. Nikaanza kufikiri niifute hukumu yangu, niandike nendeni tu.

Tukarudi. Hatujamaliza hata kushuka, yule kijana anamfokea nahodha mbele za watu: "Wewe mzee unatuharibia biashara na mambo yako ya corona." Mzee hakujibu, akaendelea kumshika shangazi mkono ashuke salama. Nilitetemeka kwa hasira. Nikamwambia kijana, "Nirudishie ada ya usafi, yangu na ya shangazi." Akasema ada hairudishwi. Ada ya usafi gani, ya buibui? Maji tuliyonawa ni ya nahodha, na nina hakika hakulipwa hata shilingi.

Nimewaandikia WhatsApp zaidi ya mara moja. Wanasoma, hawajibu. Kwa hiyo hukumu inarudi pale pale, na sasa ni kali zaidi: hata maji wakijaza, mgeni wangu siwapelekei mpaka wamwombe radhi yule mzee. Siku akipata boti yake mwenyewe, mimi na shangazi tutakuwa wa kwanza kupanda.