Kiti kwanza, injini baadaye: replika nne za magari ya spoti ya zamani

Wanunuzi wengi wa replika, yaani nakala mpya za magari ya zamani, huanza na injini, na siwalaumu, mlio wa V8 una wazimu wake. Ila injini hubadilishwa. Urefu wa paja lako haubadiliki, na magari haya yalichorwa miaka ya 1950 na 1960: fundi aliyeiga umbo kwa uaminifu ameiga na ubanaji wake. Nimeyapanga kwa swali moja tu: mtu wa futi sita, mwenye kitambi cha wastani, ataendesha saa mbili bila kujuta?

1. Cobra
Gari la Carroll Shelby la mwaka 1962, bodi ya kampuni ya AC ya Uingereza na injini ya Ford. Lina replika nyingi mno, na baadhi ya zinazosifiwa, kama Superformance, hujengwa Afrika Kusini. Mabega yanapata nafasi. Shida iko chini, ambako injini imekula sehemu ya miguu: pedali zimebanana na hazikai sawa na usukani, hivyo unaendesha kiuno kimepinda kidogo. Uliza kama pedali zinasogezwa mbele na nyuma. Na ukishuka kwenye yenye ekzosi za pembeni, inua mguu juu hasa. Wenyewe wakiungua shavu la mguu husema wameumwa na nyoka.

2. Seven
Lotus Seven ilitoka 1957; kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuijenga 1973, kwa hiyo wao ni warithi zaidi kuliko waigaji. Kuna chesisi mbili, ya kawaida na SV, ambayo ni pana zaidi kwa milimita 110. Mtu mnene asipoteze muda na ile ya kawaida. Mimi si mnene, lakini niliingia ile nyembamba na raba zangu za kila siku, nikakanyaga breki, na pedali ya mafuta ikashuka nayo. Bahati injini ilikuwa imezimwa. Ukiwa mrefu, tafuta yenye sakafu iliyoshushwa. Kiwiko kitaning'inia nje hata hivyo.

3. Speedster ya Porsche 356
Replika nyingi zina bodi ya faiba juu ya sakafu ya Volkswagen Kobe iliyokatwa ikafupishwa, kwa sababu Kobe ina milimita 2,400 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na 356 ina 2,100. Kiti ni chembamba, kizuri kwa macho, hakishiki mapaja. Turubai likiwa wazi utafurahi. Mvua ikinyesha ukalifunga, mrefu anaendesha ameinamisha kichwa.

4. GT40
Gari la mbio la Ford. Ile 40 ni inchi za kimo chake, kama sentimita 102. Dereva Dan Gurney alikuwa mrefu kiasi kwamba gari aliloshinda nalo mbio za Le Mans 1967 pamoja na A.J. Foyt lilitiwa kinundu kwenye paa ili kofia yake ienee. Wewe hutatiwa kinundu. Nalipenda kuliko yote hapa, na bado naliweka mwisho.

Ukishachagua gari, rudi kwenye kiti chenyewe. Reli za kusogeza hukiinua sentimita kadhaa. Kikifungwa moja kwa moja sakafuni utashuka, lakini mwenzio mfupi hataendesha tena. Kuna sponji ya vimiminika viwili: huchanganywa ndani ya mfuko wa plastiki kitini, unakaa juu yake ikiwa inavimba, inashika umbo la mgongo wako ikikauka. Ni kazi chafu, vaa nguo usizozipenda. Kwenye magari ya wazi, hakikisha kichwa hakijapita bomba la kinga la nyuma, lile la kukulinda gari likipinduka. Mikanda ya mabega nayo isitokee chini sana ya mabega, maana ajali ikitokea itauvuta uti wa mgongo kwenda chini.

Siku ya kukagua, nenda na viatu utakavyoendeshea. Kaa nusu saa, kanyaga klachi mpaka mwisho mara hamsini, zungusha usukani uone kama unagonga goti. Muuzaji akianza kuangalia saa, mwombe chai.