Cherehani ya kukanyaga niliyoinunua mtumba: uzoefu wangu

Kati ya vitu vyote nilivyowahi kununua vikiwa vimetumika, hiki ndicho kilichogeuza namna ninavyonunua vingine vyote. Ni cherehani nyeusi ya chuma, yenye meza ya mbao na kikanyagio chini yake. Nembo imefutika kwa kuguswa miaka mingi. Haitumii umeme, na inajua mshono mmoja tu, ule wa kunyooka. Kabla ya kuwa nayo nilichambua mtumba kama mvaaji: nguo hii itanienea, rangi yake itanikaa? Sasa nachambua kama fundi. Nashika shuka, shati au pazia na kuuliza kwanza kitambaa kimebaki na nguvu gani, na kuna eneo kiasi gani la kukata. Shati la mtu mwenye mwili mkubwa, ambalo zamani nisingeligusa, siku hizi ndilo nalichukua kwanza.

Nianze na kuinunua, maana hapo ndipo pesa huokolewa au hupotea. Rangi inayong'aa isikudanganye, wala vumbi lisikukatishe tamaa. Lizungushe gurudumu la mkono ukilivuta upande wako, polepole, duru nzima. Sindano ipande na kushuka bila kusita, na yale meno madogo chini yake yapande, yasogee nyuma, yashuke, kisha yarudi mbele. Gurudumu likiwa zito sawasawa duru nzima, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, na hilo lina dawa: mafuta ya taa kidogo kwenye viungo, mbali na moto, siku kadhaa za subira, kisha kufuta vizuri na kutia mafuta halisi ya cherehani. Lakini likigota mahali palepale kila duru, kwa mlio wa chuma kugonga chuma, kuna kilichopinda au kuvunjika. Hiyo mimi ningeiacha. Na mafuta ya kupikia yasifike humo kabisa, kwa sababu hukauka yakanata na kukamata viungo vyote.

Cha pili ni bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Hapa wanunuzi wengi hupita haraka, na ndipo pa kukaa. Telezesha kibamba kilicho chini ya sindano, au inua kichwa cha cherehani utazame kwa chini. Ukiona kipande cha chuma kilichochongoka kama mtumbwi, chenye bobini ndefu nyembamba ndani, hiyo ni ya mtindo wa zamani zaidi. Inashona vizuri sana, ila bobini zake na mtumbwi wenyewe ni vya kutafuta kwa bidii vikipotea. Ukiona bobini ya duara ndani ya kikombe kidogo cha chuma kinachochomoka, huenda umeangukia ukoo wa Singer 15, na huo ndio niliotaka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliunda nakala nyingi mno za mashine hiyo, na bobini za namba 15 bado zinatumika kwenye cherehani mpya nyingi za nyumbani. Sindano zake pia ni zilezile za kawaida, zinazoandikwa 130/705 H au 15x1. Mashine iliyomzidi umri mwenye nayo, lakini sindano yake inapatikana popote panapouzwa uzi! Hakikisha tu kikombe cha bobini kimo. Ni kidogo, hupotea kirahisi, na bila hicho una pambo la sebuleni.

Muuzaji wangu aliniruhusu kuijaribu papo hapo, na hilo nalihesabu kama huduma nzuri kuliko punguzo lolote. Ukipata nafasi hiyo, weka uzi wa rangi moja juu na rangi nyingine kwenye bobini, ushone kipande cha pamba. Uzi wa chini ukionekana umelala umenyooka upande wa chini, mkazo wa juu umelegea. Uzi wa juu ukilala umenyooka juu, mkazo umezidi. Nyuzi mbili zikikutana katikati ya kitambaa, kila moja ikibaki upande wake, mambo yako sawa. Mishono ikirukwa, badilisha sindano kabla ya kulaumu mashine. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingilia upande huo. Ikichomekwa kinyume haitashona hata ukiisihi. Tena tunga uzi mguu wa kubana kitambaa ukiwa umeinuliwa, maana hapo visahani vya mkazo huwa wazi na uzi hukaa ndani yake sawasawa.

Kukanyaga kunahitaji mazoezi. Miguu inapenda kuanza kwa kusukuma vibaya, gurudumu likazunguka kinyume na uzi ukakatika. Fanya mazoezi bila uzi, juu ya karatasi, ukianzisha gurudumu kwa mkono kila mara. Mwili ukishashika mwendo wake, utapata kitu ambacho mashine nyingi za umeme nilizozitumia hazikunipa: uwezo wa kushona tundu moja, ukasimama, ukashona jingine. Kwenye kona za kola na kwenye viraka, utulivu huo una thamani kubwa.

Sasa kitambaa, na hapa ndipo roho yangu ilipo.

Shuka zilizotumika ndizo hazina ya kwanza. Mita moja ya pamba mpya inanunuliwa kwa upana wa jora, lakini shuka ya kitanda kikubwa ni kipande kimoja kisicho na kiungo, kimefuliwa mara nyingi hivi kwamba hakitasinyaa tena wala kuchuja. Inyanyue mbele ya mwanga. Shuka huisha katikati, pale mwili unapolala, na mwanga utakuonyesha palipobaki nyuzi chache. Pembeni huwa bado imara. Kwa sababu hiyo kuna mbinu ya zamani ninayoipenda mno: chana shuka kwa urefu katikati, geuza vipande ili zile kingo mbili nzima za nje zikutane, ziunganishe, kisha punguza sehemu dhaifu ambazo sasa ziko pembeni na upige pindo. Akina mama wa nyumbani wa Uingereza walifanya hivyo kwa wingi nguo zilipogawiwa kwa kuponi, kuanzia 1941 hadi 1949. Shuka inapungua upana kidogo na inaanza maisha mengine. Mshono wa katikati nauzika ndani, ukingo mmoja ukiufunika mwingine na kushonwa mara mbili, ili usimkere anayelala.

Mashati ya kiume yanafuata. Mgongo wa shati ni kitambaa kitupu, na mbele kuna vifungo na vitundu ambavyo fundi mwingine ameshahangaika navyo. Kwa foronya ya mto wa kochi, kata mraba mbele ya shati, vifungo vikiwa katikati, na mraba ulio sawa mgongoni. Fungua kifungo kimoja au viwili, kutanisha sura mbili nzuri kwa ndani, shona pande zote nne, kisha ipindue kupitia kwenye vifungo. Foronya imekamilika, na mlango wake umekuja nao. Mikono ya shati inabaki kwa vifuko vya kuwekea vitu vidogo au kwa viraka, na vifungo vya ziada vinaingia kwenye mkebe. Sitoi kitambaa chakavu nyumbani kabla ya kukivua vifungo, zipu na ndoana.

Sweta za sufu zina siri yake. Sweta ya sufu halisi iliyotobolewa na nondo inauzwa kwa bei ya kutupa, kwani haivaliki. Mimi naifua kwa maji ya moto na sabuni, nikiisugua kwa nguvu. Nyuzi za sufu zina magamba madogo ambayo kwa joto, unyevu na msuguano hushikana, na kitambaa husinyaa kikawa kizito. Ukikikata kwa mkasi kingo hazifumuki. Soli za ndani za viatu, vishikio vya sufuria na kifuko cha kuvika chupa ya maji moto vyote hutoka hapo. Sufu iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine haishikani, hivyo soma lebo kwanza, au jaribu kwenye mkono wa sweta.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi chache ndani ya mshono ukishafika nyumbani, uzishike kwa kibanio juu ya sinki na kuziwasha. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizimia yenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu kishikio cha sufuria cha poliesta kinaweza kuyeyukia mkononi mwa mtu.

Chochote kinachoingia nyumbani hufuliwa kabla hakijagusa nguo nyingine. Pamba inayostahimili naifua kwa nyuzi joto 60, kiwango kinachoua kunguni na wadudu wa vumbi. Harufu ya ukungu huwa naishinda kwa jua na kwa magadi ya kuokea yaliyochanganywa majini. Harufu ya nafthalini, yale madonge ya kufukuza nondo, ni kichwa ngumu, kwa hiyo nikiisikia kwa nguvu naiacha nguo hapohapo.

Jinzi nilikuwa nikiiogopa, lakini cherehani hii imeimeza. Siri ni sindano namba 100/16, au 110/18 mahali mishono inapokutana, na kuigonga nyundo ile mishono minene kwanza ili ilale. Panapozidi unene naacha kukanyaga na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu. Miguu miwili ya jinzi hutoa mfuko wa kubebea mizigo ambao sijauona ukichanika. Kwa pamba ya kawaida narudi kwenye 80/12 au 90/14.

Yapo isiyoyaweza. Mashine ya mshono mmoja haina zigizaga, yaani mshono unaopinda kushoto na kulia, kwa hiyo nguo zinazovutika, fulana na soksi za watoto, zinakatika uzi zikivutwa. Vitundu vya vifungo nashona kwa mkono. Kingo haziwezi kufungwa kwa kasi kama zinavyofungwa na mashine ya ovaloki, ndiyo maana nimezoea mishono inayoficha kingo ndani. Inachukua muda mrefu zaidi, na matokeo yake ninayapenda kuliko yale ya dukani. Uzito nao usiuchukulie kirahisi: kichwa pekee ni cha kubebwa kwa tahadhari, na meza yake ikishakaa mahali imekaa.

Matunzo ni madogo. Tone la mafuta kwenye kila tundu na kiungo, brashi ya kutoa nyuzinyuzi chini ya meno, na mkanda wa ngozi unaolegea kadiri muda unavyokwenda. Ukianza kuteleza, unakatwa kipande kidogo, unatobolewa upya na kubanwa kwa waya wake.

Anayetaka kushona zaidi fulana na nguo za michezo asinunue hii. Atafute ya umeme yenye zigizaga, akague waya wake kwa macho na vidole, na akikuta ganda la waya limekauka na kupasuka aubadilishe waya huo kabla ya kuichomeka mashine. Kwa mwenye shuka, mashati, jinzi na mapazia, nampendekezea hii bila kusita. Yangu haiuzwi.