Uzoefu wangu na Kindle Paperwhite: skrini inayopenda jua

Wadau, kwa wanaouliza Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ya nini wakati simu unayo, mi jibu langu ni jua. Yangu ni Paperwhite ya 2021, inchi 6.8, niliichukua mtumba. Naishi Kigamboni, kwenda mjini navuka na pantoni, na pale juu saa saba mchana simu hata uipandishe mwanga mpaka mwisho unaona sura yako tu kwenye kioo huku betri inayeyuka. Kindle ni kinyume kabisa, jua linavyozidi kuwa kali ndo maandishi yanazidi kukolea, maana haishindani na mwanga, inaurudisha ule ule unaoipiga kama karatasi ya gazeti.

Skrini yake ni ya wino wa elektroniki (E Ink): ndani kuna vifuko vidogo mno, upana kama wa unywele hivi, vina kimiminika na chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti, umeme unaamua zipi zipande juu na zipi zizame, ndo unapata herufi. Zikishakaa zimekaa, haziombi umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndo maana umeme ukikatika mtaani sina presha, chaji moja inanipeleka wiki kadhaa, ila ukisoma usiku na taa yake imewashwa na Wi-Fi umeiacha wazi inapungua haraka.

Sasa chembe kuogelea ni polepole, na hili ni la wino wenyewe, sio la kampuni moja. Video sahau. PDF za chuo za A4 ni mateso, herufi zinakuwa kama mchanga, ukikuza unaanza kusogeza huku na kule na skrini inapepesa kila ukigusa. Riwaya za EPUB, yaani faili za vitabu ambazo maandishi yanajipanga kulingana na skrini, ndo raha yenyewe.

Za rangi nimezishika pia, zile zenye skrini ya Kaleido 3, wino wa elektroniki wa rangi. Nyeusi na nyeupe ni nukta 300 kwa inchi, ukiweka rangi zinashuka 150, na kale kachujio ka rangi kanakula mwanga kwa hiyo weupe unakuwa kijivu. Mi bado sijashawishika.

Kinachoniuma kweli ni teknolojia nyingine ya skrini, ile ya mafuta na maji. Hayes na Feenstra wa Philips, Uholanzi, waliionyesha 2003 kwenye jarida la Nature: bila umeme mafuta ya rangi yanatandaa yanafunika kidoti chote, ukitia volti maji yanayasukuma yajikunje pembeni, weupe wa chini unatokea, na ni haraka kiasi cha kuonyesha video. Sawa, inahitaji volti kuendelea kushika picha, lakini taa ya nyuma haihitaji, yaani video juani kweupe! Ikazaliwa kampuni ya Liquavista 2006 kuiendeleza, Samsung wakainunua, 2013 ikaenda Amazon, 2018 ikafungwa na Kindle ya mafuta hatukuiona sokoni. Inasikitisha sana, sisi wa ukanda wa jua ndo tungefaidi zaidi.

Anayetaka ya mtumba, itoe nje uiangalie juani, fungua kurasa nyingi utafute mstari ulioganda, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake mbele yako, na kava ununue siku hiyo hiyo maana skrini ikipasuka ndani kuitengeneza ni gharama.