Jiko la mkaa lenye mfuniko: safari hii mpishi naye kakaa

Nimenunua jiko hili kwa sababu moja tu: nimechoka kusikia vicheko vya majirani nikiwa nimewapa mgongo, macho yamejaa moshi, pepeo mkononi. Kila tukichoma nyama, wao wanakula na kuzungumza, mimi naambulia jasho. Kwa hiyo sitalipima kwa uzuri wa rangi yake. Nalipima kwa muda niliokaa kitini.

Umbo lake mnalijua: bakuli la chuma la duara, mfuniko uliobenuka, miguu mitatu, matundu ya hewa chini na juu. Lilianzia Marekani mwaka 1952. George Stephen alikuwa akifanya kazi Weber Brothers, karakana ya chuma ya Chicago iliyotengeneza maboya, yale ya duara yanayoelea majini. Jiko la wazi lilimchosha kwa upepo, akachukua boya, akaligawa, nusu moja ikawa jiko na nyingine mfuniko. Langu ni la waigaji, tena waigaji wenye haraka, nitafika huko.

Tulilizindua mchana wa jua la kiangazi, lile la kukufanya uhamishe kiti kila kivuli kinapohama. Mkaa niliuwasha ndani ya kopo refu lenye matundu, karatasi chini, mkaa juu, bila tone la mafuta ya taa. Ulipoanza kushika majivu meupe nikaumwaga upande mmoja wa jiko, upande wa pili nikauacha mtupu. Mapaja ya kuku yakakaa huku kusiko na moto, nikafunika. Siri yote ya jiko hili iko hapo. Mafuta hayachuruziki juu ya makaa, kwa hiyo hakuna ndimi za moto za kukimbizana nazo, na joto linazunguka ndani ya mfuniko na kumwivisha kuku pande zote. Moto ukizidi, unabana matundu ya chini, ukilegea, unayafungua. Pepeo lilibaki jikoni.

Nikaenda kukaa. Mama wa nyumba ya pili, aliyekuja na beseni la mahindi, akanitazama mara mbili: "Jirani! Leo umekaa?"

Mzee wa ng'ambo ya ua ndiye aliyekosa raha. "Mwanangu, nyama umeitelekeza?"

"Hapana mzee, inajipika."

"Inajipika!" Akanyanyuka, akafunua, akachungulia, akatikisa kichwa, akafunika. Baada ya muda akarudia. Niliona haya kumkataza mtu mzima, lakini kila mfuniko unapoinuliwa joto lote linapaa na kuku anarudi nyuma. Mkiwa na mzee wa aina hii, mpeni kazi ya mahindi. Ndivyo nilivyofanya: akayapanga upande wenye moto, akayageuza moja moja kwa koleo, na uchunguzi wa kuku ukakoma.

Sasa lawama. Kipimajoto cha kwenye mfuniko ni pambo. Hata kingekuwa sahihi kinapima hewa ya juu, si nyama, na hiki changu mshale wake ulikuwa ukisinzia hata mkaa ulipokuwa mwekundu. Tafuteni kile kidogo chenye sindano, mchome paja palipo nene bila kugusa mfupa. Kikifika nyuzi 74 za Selsiasi, kuku ameiva, na hakuna haja ya kubishana kuhusu rangi ya nyama. Mkono wa mfuniko nao ni wa chuma kitupu, haushikiki bila kitambaa. Mguu mmoja ulianza kucheza siku hiyohiyo kwa sababu skrubu zilizokuja nalo ni fupi. Na sahani ya kukingia majivu haina kina: upepo kidogo tu, tumepakwa sote.

Wavu umetosha kuku wa watu wanane, mahindi yakaja kwa awamu. Halikutuudhi hilo, maana kati ya awamu na awamu ndipo yalipotoka mazungumzo matamu, likiwemo la nani hasa anayeacha geti wazi usiku. (Hatujampata. Mimi namshuku yule aliyeongea sana.) Nilichokuwa mkali nacho ni sinia: la kuku mbichi halikurudi mezani, na kilichobaki kikaingia kwenye friji mapema. Joto la hewa likipita nyuzi 32, chakula hakifai kukaa nje zaidi ya saa moja.

Kwa mishikaki ya harakaharaka msihangaike nalo, jiko la wazi linawatosha. Lakini kama mnapika vipande vikubwa na mnataka kusikia hadithi mpaka mwisho, linunueni, na mguse miguu yake kabla ya kulipa. Lisiingie ndani ya nyumba wala chini ya hema, hata mkaa ukionekana umekufa; hewa yake ya sumu haina harufu. Mkimaliza, fungeni matundu yote: moto unakosa hewa, unazimika, na mkaa uliosalia unawashwa siku nyingine. Langu lina mkaa wa kuanzia Jumamosi ijayo, na yule mzee ameshauliza saa ngapi.