Kung'oa visiki vinne uani, Malindi: uzoefu wangu na vijana wa mtaimbo

Niseme mapema kwamba kazi niliipenda, na nikipata kisiki kingine nitawaita walewale. Lakini kuna mambo mawili yaliniudhi, nayo nitayasema, maana anayetafuta watu wa kazi hii anataka kujua anachokiendea.

Ua wetu uko upande wa Muyeye. Mwaka jana tulikata minazi mitatu aliyoipanda marehemu baba, iliyokuwa imezeeka na haizai tena, pamoja na mwarobaini mmoja ambao mizizi yake ilishainua saruji ya baraza. Mwenye pawa, yaani msumeno wa injini, alikata siku moja, akalipwa, akaenda zake. Visiki vikabaki. Haukupita mwezi mwarobaini ukaanza kuchipua pande zote, na kila nilipofyeka kwa panga ulirudi na machipukizi mengi zaidi.

Ushauri niliupata mwingi. Wa kwanza akaniambia nitoboe mashimo nijaze chumvi ya mawe, wa pili akasema oili chafu. Yote mawili niliyakataa. Kisima chetu kiko hatua kama ishirini kutoka pale na maji yake tayari yana chumvi kidogo. Sikuwa tayari kuyaharibu kwa ajili ya kisiki. Moto ndio niliujaribu, kwenye mnazi mmoja, na najuta. Kisiki cha mnazi ni nyuzinyuzi zilizojaa maji, hakishiki moto, kinafuka tu. Siku ya tatu kilikuwa bado kinatoa moshi, upepo ukageuka ukaelekea kwa jirani, na jirani ameezeka makuti. Nilimwaga ndoo za maji mpaka magharibi. Kama umezungukwa na nyumba za makuti, tafadhali usijaribu.

Kilichonifanya nisingoje tena ni minazi michanga miwili niliyopanda kando. Makuti yake yalikuwa yanafunguka yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi. Hiyo ni kazi ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anayetoboa kitovu cha mnazi na kula majani kabla hayajachomoza. Naye hutaga mayai yake kwenye magogo na visiki vya mnazi vinavyooza. Mimi nilikuwa nimemwekea nyumba mwenyewe uani kwangu.

Vijana niliwapata kupitia fundi aliyetuezekea jiko: wanne, na mzee mmoja anayewaongoza. Tulipatana shilingi 1,500 kwa kila mnazi na 7,000 kwa mwarobaini, jumla 11,500. Mzee alikuja kutazama kwanza, akagongagonga kwa mtaimbo, kisha akaniambia, "Mama, ngoja masika ishike. Mchanga ukilowa tutakufanyia kazi nzuri." Angeweza kuchukua pesa siku ileile. Walirudi mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima.

Minazi yote mitatu iliisha siku moja. Mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi isiyo na idadi, minene kama kidole, inayotoka chini ya shina kama ndevu. Wanachimba kuzunguka, wanaikata kwa shoka, kisha wanakilaza kisiki kwa mitaimbo miwili. Kile nilichokichoma kilipopasuliwa ndani kilikuwa kama unga wa kahawia, na humo walijikunja funza weupe, wanene kama kidole gumba, vichwa vyao vya rangi ya kutu. Nilihesabu kumi na saba kabla kuku hawajavamia.

Mwarobaini ulichukua siku mbili, na hapo ndipo niliona tofauti ya mtu anayeijua kazi. Kisiki chake ni kipana kama sufuria ya pilau ya shughuli. Walichimba mtaro wa futi tatu mpaka wakafika kwenye mwamba wa matumbawe, mizizi ikiwa imejipenyeza katika nyufa zake. Kabla ya kupiga shoka, kijana mmoja aliosha kila mzizi kwa maji na kuusugua kwa kumbi la nazi, kwa sababu mchanga hula makali ya shoka. Winchi ya mkono ikafungwa kwenye mwembe, gunia likiwekwa katikati ili mnyororo usichubue gome.

Mzee alilalamika jambo moja siku zote mbili: mwenye pawa alikikata kisiki chini mno. Angeacha shina la futi nne, wangefunga mnyororo juu na shina lenyewe lingekuwa nyenzo. Laiti ningejua. Kama unakata mti na unakusudia kuung'oa, waite wachimbaji wazungumze na mkataji kabla pawa haijawashwa.

Sasa yaliyoniudhi. Niliwaonyesha bomba la maji linakopita, na bado walilikata kwa sururu. Walinunua kiungo wakatengeneza wenyewe, lakini jiko lilikaa bila maji mpaka alasiri. La pili ni mashimo. Mimi nilidhani kufukia kumo ndani ya bei, wao walidhani hakumo, na nina wajukuu wanaokimbia uani usiku. Nikaongeza 1,000. Semeni jambo hilo siku ya kupatana, na mjue udongo utadidimia. Mimi nimeongeza mchanga mara mbili tangu wakati ule.

Vipande vya mnazi tulivipasua vyembamba tukavianika mpaka vikakauka kabisa, visije vikazalia chonga tena. Kisiki cha mwarobaini alikichukua mchongaji wa vinyago.

Nawapa nne kwa tano. Ile moja ni ya bomba.

Mwezi wa Septemba niliona chipukizi la mwarobaini likitokea chini ya ukuta, mbali na lile shimo. Nikampigia mzee. Alikuja peke yake na mtaimbo, akachimba karibu saa nzima, akatoa mzizi mrefu kama mkono wangu na kuulaza barazani niuone. Pesa alikataa. Alikunywa chai na mahamri, akaenda.