Spika ya Bluetooth ya wati 5: kwenye simu raha, kwenye kompyuta jipange

Nimeitumia spika hii miezi minane kwa simu mbili za Android na laptopu moja ya Windows. Ni ile aina iliyojaa Kariakoo: ndogo kama kopo la soda, imevishwa kitambaa, wati 5, betri ya 1200 mAh, tundu la flashi, la memori kadi na la AUX (la waya wa sauti), redio ya FM, na kitufe cha M cha kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Bei yake shilingi 25,000. Besi yake ni ya kubahatisha, ila maneno yanasikika vizuri hata jikoni sufuria zikigongana. Ukiweka sauti nusu, chaji inafika saa nne hivi.

Kuiunganisha na simu ni kazi ya dakika moja. Iwashe, subiri taa ya bluu ianze kumwekamweka harakaharaka, kisha kwenye simu ingia Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, Oanisha kifaa kipya. Jina linalojitokeza mara nyingi ni herufi na namba tu, halifanani na la kwenye boksi. Kama majirani nao wana spika na hujui ipi ni yako, zima ya kwako uone jina lipi linapotea. Ikidai namba ya siri, andika 0000. Taa ikitulia, cheza muziki.

Tabu huanza siku ya pili. Spika hii hushika simu moja tu kwa wakati, na kila ikiwashwa huirudia iliyoshikana nayo mwisho. Simu ya mtoto ikiwa chumba cha pili na Bluetooth yake iko wazi, spika inajiunga nayo kimyakimya, wewe unabaki unabonyeza jina bila jibu. Usiirudishe dukani. Angalia taa: ikiwa imetulia na wewe hujaunganishwa, kuna mwingine kaishika. Zima Bluetooth ya simu hiyo, au bonyeza kitufe cha kucheza kwa sekunde tatu hadi taa ianze tena kumwekamweka.

Kosa lingine ni kufuta kumbukumbu za spika huku simu bado inaikumbuka. Wakati wa kuoanishwa, simu na spika huwekeana ufunguo wa siri. Upande mmoja ukiupoteza, mwingine unakataa kuunganishwa hata ujaribu mara ishirini. Kwenye simu, futa kwanza jina la spika, halafu anza upya kabisa.

Na flashi! Ukiichomeka tu, spika inaacha Bluetooth na kuanza kupiga nyimbo za kwenye flashi. Bonyeza M mpaka urudi. Flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32. Ya NTFS spika hii haiisomi. Vitufe vya kujumlisha na kutoa navyo vina ujanja: ukigusa mara moja vinaruka wimbo, ukishikilia ndipo sauti inapanda au kushuka.

Sasa kompyuta. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Bluetooth & devices, Add device, kisha Bluetooth, na uchague jina. Inakubali haraka. Kasheshe ni mikutano ya Zoom: ghafla sauti inakuwa nyembamba, kama redio ya mbao iliyoishiwa betri. Spika haijaharibika. Ina maiki ndani yake, na Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba muziki wa stereo na maiki kwa pamoja. Programu ikiifungua maiki hiyo, njia nzima hushushwa iwe ya kupigia simu: sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100, tena ya chaneli moja (mono), si stereo. Dawa ni kubonyeza mshale mdogo pembeni ya alama ya maiki ndani ya Zoom, kuchagua maiki ya laptopu, na kuiacha spika kwenye kutoa sauti tu. Windows 10 huionyesha spika mara mbili, Stereo na Hands-Free, chagua Stereo.

Kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth inahitaji kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB (dongle). Usikichomeke nyuma jirani na diski ya USB 3, kwa sababu USB 3 hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya Bluetooth, 2.4 GHz, na muziki utakatikakatika. Kiweke mbele, au tumia waya wa kurefusha.

Kwa filamu, sauti huchelewa kidogo nyuma ya midomo. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza J. Kila mbonyezo unaivuta sauti mbele milisekunde 50. Kwa michezo hakuna ujanja huo, chomeka waya wa AUX.

Umbali wa mita 10 ni wa uwanja wazi. Ukuta wa tofali unaupunguza, na mwili wako pia, maana maji hunyonya mawimbi hayo: simu ikiwa mfuko wa nyuma na spika iko mbele yako, tegemea mikato. Lakini ikikata hasa pale ngoma inapopiga kwa nguvu, hapo ni betri inayokwisha. Punguza sauti, ichaji.

Kwenye chaji ndipo ninapoikata nyota moja. Tundu ni Type-C, ila haikubali waya wa Type-C pande zote mbili. Watengenezaji wamebana senti kwenye vizuizi viwili vidogo vya umeme (resista) vya ohmu 5,100 ambavyo chaja za Type-C huvitafuta kabla ya kutoa umeme. Tumia waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja. Na usiichaji kutoka laptopu ileile iliyounganishwa nayo kwa AUX, utasikia mvumo usioisha. Ichomeke kwenye chaja ya ukutani.